Watoto wa Mahame

Mwaka 1975 Grasiana alitaka kitu kimoja tu: tasnifu yake ya uzamili ipite, apewe kazi wizarani, asahau kambi ya mkonge ya Mnyuzi alikozaliwa. Akaenda Handeni, kijiji kipya cha ujamaa cha Kwedigongo, kuhesabu watoto waliochanjwa surua. Balozi wa nyumba kumi, mzee Sadala, alimtembeza. Penye mlango uliofungwa alijibu yeye: "Wapo, mwanangu. Wazima, wamechanjwa." Grasiana akaandika. Bwege, na elimu yake yote!

Asubuhi ya mwisho ukungu ulishuka, nyumba zilizopangwa mistari zikawa kama zinaelea. Akamwona Bibi Mwaija, aliyeandikwa jana kuwa mgonjwa kitandani, akipita na mtungi kichwani, kisha akamezwa na weupe ule. Grasiana akamfuata bila kujua kwa nini, saa mbili nzima, mahindi yakimlowesha mabega, miguu ikienda yenyewe kama ya mtu aliye usingizini.

Ukungu ulipofunguka alikuwa kwenye mahame, mashamba ya zamani ambayo watu waliamriwa kuyahama. Moshi, kuku, madungu ya kulindia mahindi yasiliwe na nguruwe, na juu ya madungu watoto wakichungulia. Alihesabu thelathini na mmoja. Hakuna aliyechanjwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kutuhesabu ama kututoa?"

"Kuwahesabu."

"Ukituandika tutatolewa. Mahindi haya atayalinda nani?"

Grasiana aliona uchungu. Asipowaandika, chanjo haitawafikia, akiwaandika, watafukuzwa. Mwishowe aliandika: watoto thelathini na mmoja, mwendo wa saa mbili kutoka zahanati. Mahali hakupataja.

Msimamizi wake chuoni akairudisha tasnifu. Bila jina la mahali haipiti. Kazi ya wizarani akapewa mwingine. Grasiana alilia siku mbili, tusidanganyane. Siku ya tatu alipanda basi hadi Korogwe, akamng'ang'ania mganga mmoja wa hospitali aliyeitwa Yordani mpaka akampa dozi thelathini na moja, kasha la barafu na baiskeli yake mwenyewe.

Alifika mahame na ukungu wa asubuhi. Safari hii hakuna aliyejificha. Bibi Mwaija aliwaita watoto kwa majina, mmoja mmoja, wakashuka madunguni wakisugua macho. Grasiana alichoma, akabembeleza, akachoma. Wa mwisho alipopita, dozi moja ilibaki.

"Bado nani, bibi?"

Bibi Mwaija alitazama dungu la pembeni, tupu.

"Hajira. Surua. Tumemzika, leo siku ya nne."

Grasiana aliirudisha ile dozi kwenye barafu. Akakaa chini, akalia mbele za watu wote. Kisha akajifuta uso kwa kanga, akasimama.

"Bibi," alisema, "nionyeshe mahame mengine. Barafu haijayeyuka."