Siku Tano za Meno Meupe

Kung'oa jino shilingi tatu, kusafisha meno shilingi kumi. Nilimwambia ndugu yangu Gharib amuulize daktari tena, maana nilidhani amechanganya hesabu. Hakuchanganya. Kulitoa jino lote na mizizi yake kulikuwa rahisi kuliko kulifuta tu na kuliacha mahali pake. Nilikasirika pale pale kitini, na kama singekuwa na shida yangu ningeinuka nikaenda zangu.

Daktari huyo wa meno alikuwa akija kwetu Amu, mji wa Lamu, mara mbili kwa mwaka. Alikodi chumba kimoja karibu na forodha, akakaa siku sita, kisha akarudi Mombasa. Watu waliingia kwake wameshika mashavu na wakatoka wameshika mashavu. Mwaka ule wa hamsini na nne nadhani mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kwanza kuingia mle bila kuumwa.

"Bibi anaumwa wapi?" aliuliza.

"Haumwi," alijibu Gharib huku akitazama dirishani, kwa aibu. "Ataka yawe meupe."

Sababu yenyewe ilikuwa mwanangu Khairiya. Alimtaka Jeilani, karani wa forodha. Hakuniambia, na msichana wa kwetu hamwambii mama yake maneno kama hayo, lakini tangu mwezi wa Rajabu alikuwa akishona kofia ya vito, ile ya kiume ya kudarizi. Kofia ile ilikuwa kubwa mno kwa kichwa cha mjomba wake Gharib, na mimi ni mjane, hatuna mwanamume mwingine. Kila jioni aliipima kwenye goti lake, akatabasamu peke yake, akaendelea kushona. Nilijifanya sioni.

Kikwazo nilimwona kuwa mama yake Jeilani, Bi Umulkheir. Alikuwa amekaa Mombasa miaka miwili kwa dada yake, akarudi na cherehani na meno meupe. Kwenye arusi moja mtaani kwetu Mkomani alitutazama wanawake sote tuliokaa mkekani, kila mmoja ana uraibu shavuni, akamwambia jirani yake kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya chini ya kutosha, "Kule Mvita mwanamke akifunua kanwa, huoni wekundu."

Nilijua ananisema mimi. Uraibu wangu ni wa tambuu, popoo, chokaa na katu, na nimeutafuna tangu wiki niliyoolewa, asubuhi, adhuhuri na usiku. Meno yangu yalikuwa na rangi ya mlango wa zamani. Nilikwenda nyumbani nikajitazama kiooni, nikafunga mdomo, nikaufungua tena, na moyo ukaniuma. Nilimwona mwanangu akikosa mume kwa sababu ya kinywa changu.

Posa ilisemekana itakuja mwezi ukiandama, siku kumi mbele. Daktari alikuwa mjini. Nikachukua shilingi kumi nilizoweka kwa ajili ya kitambaa cha Khairiya, nikamlazimisha Gharib anisindikize baada ya magharibi, nikakaa kwenye kile kiti nimejifunika buibui, nimefunua mdomo peke yake.

Sitaki kukumbuka nusu saa ile. Alikuwa na vyuma vyembamba vyenye ncha zilizopinda, na kila alipokwaruza nilisikia mpaka kisogoni. Kisha akanisugua kwa unga wa kijivu wenye ladha ya mchanga. Nilitema damu na mawe madogo. Alipomaliza alinipa kioo. Sikumjua mwanamke yule. Alikuwa na meno ya msichana kwenye uso wa mama mtu mzima, na nilicheka, nikacheka tena ili nimwone akicheka.

"Wiki moja, bibi," alisema daktari. "Tambuu hapana. Ukila sasa, rangi itarudi upesi na pesa yako imekwenda."

Siku saba katika kumi. Niliona zinatosha, na tatu za ziada.

Hakuna aliyeniambia siku saba zina urefu gani. Ile ya kwanza nilizunguka nyumba nzima. Nilipanda juu, nikasahau nilichopandia, nikashuka. Nilifagia uwanda uliokwisha kufagiwa. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kijamanda changu cha uraibu, nikaurudisha. Nilitafuna iliki, nikatafuna karafuu, nikatafuna ncha ya leso yangu. Usiku niliota nakata popoo. Siku ya pili nilimgombeza Khairiya kwa kuacha mlango wazi, na mlango ulikuwa umefungwa.

"Mama, kula kidogo tu," aliniambia. "Nani atakuona?"

"Ataniona Bi Umulkheir," nikasema. "Wewe shona."

Siku ya tatu, baada ya alasiri, Bi Umulkheir alibisha hodi, yeye na wifi yake Bi Hindu. Wawili tu. Kwetu posa huja na wanawake saba au zaidi, wamevaa, wananukia udi mpaka njiani, kwa hiyo nilijua hii ni ziara ya kujuliana hali. Niliwakaribisha, nikawapa kahawa na halua. Nilisema maneno mengi kuliko kawaida yangu ili meno yaonekane. Bi Umulkheir aliyatazama, kisha akatazama pembeni. Nikafurahi. Nikajisemea, ameyaona.

Kisha Bi Hindu akatoa kitambaa cha hariri, akakifungua, na ndani mkiwa na uraibu uliofungwa vizuri, na karafuu imechomekwa juu ya jani. Bi Umulkheir akaupokea, akanisogezea kwa mikono yake miwili.

Hapa sina la kujitetea. Mtoto wa Amu anajua kwamba jibu la posa halisemwi kwa ulimi. Mama wa kijana huleta uraibu, na mama wa msichana akiutafuna mbele yao, amekubali. Akiuweka kando, amekataa, wala haulizwi sababu. Nililijua hilo kabla sijajua kuvaa buibui. Lakini mimi nilikuwa nimekaa na meno yangu ya shilingi kumi, nimehesabu siku zangu, na kichwani mwangu posa ilikuwa bado wiki nzima. Mbele yangu alikuwa amekaa mwanamke ambaye tangu arudi kutoka Mombasa hakuna aliyemwona akitafuna. Niliona huu ndio wakati wa kumwonyesha kwamba sisi pia ni watu.

"Leo sili, Bi Umulkheir," nikasema. "Nami nimewata kutafuna, kama wewe."

Na nikamchekea, meno yote nje.

Nikauweka uraibu ule kwenye kidaka cha ukutani. Bi Hindu alikohoa. Bi Umulkheir aliinama kutafuta viatu vyake, akasema jua linashuka, na jua lilikuwa juu bado. Waliondoka halua haijaliwa nusu. Nilifunga mlango nimeridhika, na kwa mara ya kwanza katika siku tatu mdomo wangu haukuwasha.

Siku ya tano asubuhi Gharib aliingia bila kuvua viatu. Gharib ni mtu mpole, hata akigombana na mtu hushusha sauti. Siku hiyo hakushusha.

"Umefanya nini, Radhiya?"

"Nimefanya nini?"

"Jeilani ameandikiwa barua ya kuhamishwa Malindi. Mama yake ameharakisha posa, amekuya kwako mwenyewe na uraibu, ukaukataa. Ukamcheka usoni. Mui mzima wayua, mtaa kwa mtaa. Kesho baada ya sala ya Ijumaa wapeleka uraibu Shela, kwa binti ya Muhdhar."

Nilikaa kwenye ngazi. Nilitaka kusema kwamba walikuwa wawili, kwamba hawakusema kitu, kwamba daktari aliniambia siku saba. Nikageuka kumtazama Khairiya. Alikuwa kwenye kona yake, amesikia yote. Alichomoa sindano kwenye kofia, akaichomeka kwenye mto, akaikunja kofia mara mbili taratibu, akaiweka chini ya mkeka. Hakulia wala hakunilaumu. Afadhali angenilaumu, ningekuwa na mtu wa kubishana naye.

"Nenda wewe ukawaeleze," nilimwambia Gharib.

"Niwaeleze nini? Kwamba dada yangu alinunua meno?"

Wanawake wa mtaa wetu hatutoki mchana ila kwa maiti au kwa mzazi aliyejifungua. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua limejaa uchochoroni. Nilichukua uraibu kidakani. Jani lilikuwa limenyauka na chokaa imekauka. Niliutia mdomoni mzima mzima na karafuu yake, nikavaa buibui, nikatoka.

Gharib aliniita jina langu. Sikugeuka. Wanaume waliokaa madakani, kwenye vibaraza vya milango, walinyamaza nilipopita, na mmoja akauliza nani amekufa. Nilitafuna. Nilipofika mlangoni kwa Bi Umulkheir mate yangu yalikuwa mekundu, na nilisikia ule wekundu ukirudi mahali pake jino kwa jino. Sikubisha mara tatu kama adabu inavyotaka. Nilibisha mara moja nikaingia.

Alikuwa peke yake ukumbini, anachambua mchele. Aliponiona aliruka, akavuta leso akaziba mdomo wake wote, na mkono mwingine ukatafuta kitu nyuma ya ungo. Kikombe cha maji kikaanguka. Kilichomwagika pamoja na maji kikaja mpaka miguuni pangu, safu nzima ya meno, meupe, yana ufizi wa rangi ya waridi.

Sote wawili tuliyatazama.

"Umekuya kuniona vema zaidi?" alisema nyuma ya leso. Maneno yalitoka laini, hayana mahali pa kushika. "Yuzi hukutosheka?"

Hapo ndipo nilipoelewa alichokiona katika kicheko changu. Aliona mwanamke mwenye meno yake mwenyewe, ameyasugua mpaka yanang'aa, anamwambia kibogoyo kwamba sasa wako sawa. Nilitamani ardhi inifunike.

Niliinama nikayaokota, nikayasuuza kwa maji ya mtungi, nikampa. Kisha nikafunua mdomo wangu mbele yake.

"Nalikuwa siyui, Bi Umulkheir. Wallahi siyui. Nalisikia maneno yako arusini, nikaenda kwa daktari, nikatoa shilingi kumi ili usimuonee haya mwanangu. Alinikanya uraibu siku saba. Leo ni ya tano. Huu nilao ni wako ulionipa. Tazama."

Alinitazama mdomoni muda mrefu. Taratibu leso ikashuka. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani, na alionekana mzee kuliko mimi kwa miaka kumi, ingawa tumezaliwa mwaka mmoja.

"Shilingi kumi," alisema. "Mimi nalitoa mia mbili, na kabla ya hapo nalilia mwezi mzima. Yote yalikuwa yameoza. Daktari wa Mvita aliniuliza, miaka yote hii hukwenda kusafisha? Nikamwambia, kwetu mtu huenda kusafisha meno yasiyouma?" Aliyafuta meno yale kwa leso. "Yale maneno ya arusini sikukusema wewe. Nalikuwa naona wivu. Haya hayatafuni popoo, Bi Radhiya. Miaka miwili sikutafuna kitu."

Niliingia jikoni mwake bila ruhusa, jambo ambalo mkwe hafanyi, nikarudi na kinu kidogo cha kutwangia viungo. Marehemu nyanya yangu alikufa hana jino hata moja na hakukosa uraibu siku moja. Bi Umulkheir aliniangalia, akaelewa, akanyoosha mkono kwenye rafu akatoa kijamanda kilichofichwa nyuma ya sahani. Ndani mlikuwa na kila kitu, na majani mabichi ya juzi. Nilitwanga popoo mpaka ikawa unga, nikatia jani, chokaa na katu, nikampa kwa kijiko.

Alifumba macho. Tulikaa hivyo, mimi natafuna, yeye anamumunya, na kopo la kutemea katikati yetu. Ule wasiwasi ulionikaa mwilini siku tano ukaanza kunitoka kuanzia mabegani.

"Shela hatwendi," alisema baadaye. Kisha akauliza, "Daktari huyo yuwaya lini tena?"

"Baada ya miezi sita."

"Jeilani amlete Khairiya likizo ikifika, naye akasafishwe meno. Kumi zake ntatoa mimi, kila mwaka, mpaka nife."

Nilirudi kwa njia ile ile, jua likiwa kichwani. Gharib alikuwa amesimama mlangoni, akataka kuuliza, nikampita. Khairiya alikuwa kwenye kona yake, mikono mitupu mapajani. Nilikaa mbele yake nikafunua mdomo, mwekundu mpaka kwenye fizi. Aliutazama, akainua mkeka, akatoa kofia, akaanza kuitafuta sindano kwenye mto.