Droo Isiyo na Neno la Fundi

Maktaba ilipoletewa kompyuta, kadi za zamani za katalogi ziliamriwa zichomwe moto. Mkutubi, aliyekuwa amezipiga taipu nyingi kati ya hizo kwa vidole vyake mwenyewe, aliomba apewe yeye. Akapewa, pamoja na kabati lake la droo kumi na mbili. Mumewe, fundi cherehani, akishirikiana na jirani yao fundi viatu, walilileta nyumbani kwa mkokoteni, wakihema kama mivukuto. Miaka tisa imepita. Mkutubi amestaafu, na chumba cha nyuma kimekuwa himaya yake.

Kazi yake ilikuwa hii: mtu akisema neno likamkaa moyoni, hakuliacha lipotee. Alitafuta kadi ambayo mada yake ililingana na neno hilo, au ililitania, akaigeuza nyuma. Upande huo uliokuwa mweupe zamani sasa ulikuwa na rangi ya chai kwa uzee. Hapo aliliandika neno kwa wino, akachora pembeni kwa rangi za maji, akabandika na vipande vya vitambaa vilivyosalia kwa mumewe. Fundi viatu aliposema, "Kila mtu ana mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake, ila hakuna anayekubali," neno lake liliwekwa nyuma ya kadi ya NDOA – SHERIA. Lile la marehemu mama mkwe, "Mwanangu, usinisaidie kila kitu, utanizeesha," lilikwenda nyuma ya MITAMBO – MATENGENEZO. Binti yao alipokuwa na miaka mitano aliamka amenuna akasema, "Nimelala vibaya, nirudisheni nikalale upya." Naye alikuwa na kadi yake, yenye mto mdogo wa kitambaa cha maua.

Fundi cherehani hakuwa na habari za ndani za droo hizo. Yeye ni mtu wa maneno machache; wateja humwita Kimya, naye huitika. Kwake chumba cha nyuma kilikuwa cha mkewe, kama cherehani ilivyokuwa yake, basi.

Mwaka huu binti yao alijifungua, mama akaenda kumuuguza kwa wiki mbili. Siku ya nne mvua ilinyesha kwa upepo, bati likavuja juu ya kabati lile. Fundi alikuta droo mbili za juu zimeanza kulowa. Hakungoja kuambiwa. Alizitoa zote kumi na mbili, akatandaza kadi juu ya meza ya kupigia pasi, sakafuni, kitandani, na zilizolowa akazibana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Na kwa kuwa kadi iliyo mbele ya macho husomwa, akasoma.

Alisoma siku tatu. Alicheka peke yake mpaka mteja mmoja aliyemfuata nyumbani akamuuliza kama yuko mzima. Alimsikia mama yake akisema tena, akaisoma kadi hiyo mara tatu. Lakini alipofika droo ya mwisho alikuwa ameshaona jambo jingine. Fundi viatu alikuwa na kadi kumi na moja. Muuza maziwa, nne. Hata yule mkaguzi wa umeme aliyekuja mara moja tu alikuwa na yake. Yeye, mwenye nyumba, hakuwa na hata moja.

Mkewe aliporudi akakuta kadi zimekauka na kupangwa kwa alfabeti, alimshukuru mpaka akaona haya. Ila kuanzia wiki hiyo, Kimya akaanza kusema.

"Maisha ni kama uzi," alisema siku moja, chai ikiwa mezani.

Mkewe akainua macho. "Uzi gani?"

"Uzi tu."

"Fundi, unaumwa?"

Kesho yake alisema kwamba sindano haina macho mawili. Keshokutwa akajaribu jambo kuhusu vifungo, likamkwamia katikati. Mkutubi akaweka kikombe chini.

"Mwenzangu, nini kimekupata? Sema kama unavyosemaga."

Akaona heri aseme. "Nimesoma kadi zako zote. Mimi simo."

Mkewe hakuwa mtu wa kudanganya, hata pale uongo ungekuwa mtamu. "Nilijaribu," alisema. "Lakini wewe unaniambia nini? 'Umekula?' 'Funga dirisha.' 'Viatu vyako nimevipeleka.' Nilipoyaandika yalikauka. Sikujua nichore nini pembeni."

"Ni kweli," fundi akasema, akaenda zake dukani. Lakini yalimchoma.

Huko dukani, mguu ukiwa juu ya kanyagio, likamjia jambo ambalo hakuliona siku zile tatu. Si yeye peke yake aliyekosekana. Katika droo kumi na mbili hapakuwa na neno hata moja la mkutubi mwenyewe. Nani angeliandika? Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na masikio yake yalikuwa kwa wengine.

Akaomba kadi tano bila kueleza za nini. Mwandiko wake haukuwa wa kujivunia, kwa hiyo alishona. Tatu zilichanika, maana matundu yalikaribiana. Ya nne aliiwekea kitambaa nyuma, akarefusha mishono, akaenda taratibu, herufi baada ya herufi, kwa uzi mwekundu. Ilimchukua siku sita. Akaiweka kando ya sahani ya mkewe, akajifanya anatafuta miwani.

Mkutubi akasoma: *Usilibane sana, fundi. Natumaini kuwa na furaha mwaka huu, na mimi nikifurahi hunenepa.*

"Nani kasema haya?"

"Wewe. Siku ya kwanza ulipoleta gauni dukani."

"Nilimwambia hivyo mwanamume nisiyemjua?"

"Ulisema. Ukaondoka, hata risiti hukuchukua."

"Miaka thelathini na nne," mkutubi alisema, kama anayeongea na kadi. Alipitisha kidole juu ya nyuzi, akarudia. "Na wewe ukafanya nini?"

"Nini tena? Niliacha kitambaa cha vidole viwili kila upande. Kwa ndani." Akafikiri kidogo. "Kwa kawaida naacha kimoja."

Mkewe akamtazama. Kisha akainuka, akaenda chumba cha nyuma, akarudi na kalamu na kadi.

"Rudia hayo. Polepole."

"Yapi?"

"Hayo hayo. Usiongeze uzi wala sindano."

Akarudia, masikio yakipata moto. Mkutubi akaandika neno kwa neno, akapuliza wino ukauke. Pembeni alitaka kuchora lile gauni, naye alikumbuka kwamba lilikuwa la bluu.

"Kijani," fundi akasema.

"Bluu. Gauni lilikuwa langu."

"Lako, lakini mimi ndiye niliyelifumua uliponenepa. Kijani cha jani la mgomba likianza kukauka."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe fundi akavaa viatu, akaenda dukani kupekua gunia la masazo ya vitambaa, akarudi na vipande saba vya kijani. Wakavitandaza mezani karibu na dirisha, vichwa vyao vikigusana, yeye akisema hiki kimezidi ukijani, mkewe akisema hiki kimepungua.