Chereko na Maswali Kumi na Mawili

Kila kitu kiliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa tatu, saa nne na nusu asubuhi, pale Katibu wa kanisa alipovua miwani na kuniambia kwamba binti yangu hawezi kubatizwa kwa kuwa "hajafikia umri wa akili." Binti yangu ana miaka thelathini na mmoja.

Kanisa letu halibatizi watoto wachanga. Linabatiza mtu aliyekwisha kujua jema na baya, na kujua kwenyewe hupimwa kwa maswali kumi na mawili yaliyochapwa kwenye karatasi. Sasa binti yangu alizaliwa na akili ya taratibu. Hesabu humpita, kalenda humpita. Tunamwita Chereko kwa sababu huanza kucheka kabla kichekesho hakijafika. Mama yake, siku zake za mwisho, alikuwa na ombi moja tu: "Baba Chereko, mfikishe majini."

Siku hiyo ya Jumanne hatukuvuka hata swali la kwanza.

"Dhambi ni nini?" Katibu aliuliza.

Chereko alimtazama kwa huruma. "Sijui, babu. Wewe unayo?"

Mchungaji, aliyeketi kando yake, akakohoa ndani ya leso. Katibu akaandika.

Niliondoka nafoka. Nisikufiche, mimi na wakubwa haziivi. Mke wangu alifia kwenye benchi la hospitali huku ufunguo wa chumba cha dawa uko mfukoni mwa mkubwa fulani aliyekuwa mkutanoni. Tangu hapo nimekosana na wakubwa wote, wa hospitali, wa mtaa, na Yule wa juu kabisa. Kanisani nilikuwa nampeleka mtoto tu. Mwenyewe sikuwa nimebatizwa, nilibaki nje, nimeegemea ukuta.

Tulipewa wiki nne za kujiandaa upya. Mimi ni fundi makochi, na Chereko ndiye hujaza mito ya viti. Hukata sponji, huishindilia mpaka pembeni, kisha huukalia mto kuupima. Ukizama, anafungua zipu anaanza upya, hata kama mteja amesimama mlangoni anagomba. Basi mimi nikawa napiga misumari huku namuuliza.

"Mungu ni nani, mwanangu?"

Anacheka.

"Haya, imani ni nini?"

"Baba, nipe uzi."

Shule niliishia darasa la tatu, lakini kufika wiki ya pili maswali yote kumi na mawili nilikuwa nayo kichwani pamoja na majibu yake, mpaka nukta. Yeye hata moja.

Wiki hiyohiyo shetani akaniletea kazi: viti vya ofisi ya kanisa. Mto wa Katibu nikauweka kando. Chereko alipotoka kuchota maji, nikaujaza matambara, magunia, na juu yake nikachomeka kiatu kibovu. Nikauvika kitambaa, ukang'aa kama wa waziri. Kugeuka, namkuta mlangoni na ndoo yake.

"Kimya," nikamwambia. "Siri yetu mimi na wewe."

Hakucheka. Nikajua nimefanya jambo, lakini nikafunga zipu.

Siku ya marudio tukaingia ofisini, viti vimepangwa vizuri. Katibu akavuta suruali magotini, tayari kuketi.

"Babu, usikae!" Chereko aliruka. "Hicho kibaya! Baba ametia matambara. Na kiatu."

Katibu akagandia hewani, nusu amekaa nusu amesimama, kama mtu aliyeshikwa na kiuno. "Kiatu?"

"Kimoja." Akamsukumia kiti chake mwenyewe. "Kaa hiki, nimejaza mimi." Halafu akanigeukia, macho yamejaa machozi. "Baba, mwambie pole."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema pole, ikanitoka kama mfupa kooni.

Katibu aliketi polepole. "Mwanangu, baba yako alikukataza kusema?"

"Ndiyo."

"Ulijua tutamkasirikia?"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini umesema?"

"Ungeumia makalio."

Mchungaji alishindwa. Alicheka mpaka akashika meza, nami nikajikuta nacheka na aibu yangu palepale. Katibu peke yake aling'ang'ania karatasi.

"Lakini dhambi bado hajaieleza. Utaratibu unasema..."

"Swali la nne linasemaje?" Mchungaji alimkata.

"Je, anatambua jema na baya?"

"Basi jibu umelikalia, ndugu yangu."

Katibu akanyanyuka kidogo, akakaa tena, akajipima. "Ni imara," alikiri. Akamwinamia Chereko. "Haya niambie moja tu. Mungu unamjua?"

"Ananijua."

"Nimeuliza kama wewe unamjua."

"Yeye ananijua," Chereko alirudia taratibu, kama mtu anayemwelewesha mgumu wa kuelewa.

Kisha Katibu akatia sahihi. Mimi, kwa kutaka wasinione mjinga, nikawatiririkia majibu yote kumi na mawili bila kumeza mate. "Wewe umefaulu zaidi ya wote," Katibu akasema, na hakuonekana kufurahi.

Jumapili tulikuwa nyuma ya kanisa, kwenye birika la ubatizo. Chereko aliingia na gauni jeupe akiyapiga maji kwa viganja, akamlowesha Mchungaji hata kabla ya sala. Alipoibuka kutoka chini alipiga kelele ya furaha, kina mama wakamjibu kwa vigelegele. Katibu, maji yanamtiririka kwenye miwani, alikuwa anacheka kama mtoto. Nami nimesimama ukingoni, ndala za Chereko mkononi, nacheka mpaka mashavu yanauma, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu tulipomzika mama yake.

Wakampa mkono atoke. Akaukataa, akashika ukingo karibu na miguu yangu.

"Baba," akasema mbele ya watu wote, "wewe maswali yote ulijibu. Mbona huingii?"