Mgeni Rasmi wa Kisima Chetu

Usiku wa kuamkia leo niliota kisima chetu kinazinduliwa, na mshereheshaji ni mimi. Hilo la pili halikunishangaza, kwa sababu hata nikiwa macho, kipaza sauti cha kijiji hiki hushikwa na mimi, Malogo. La kwanza ndilo lililonishtua. Kisima kilikamilika zamani. Koki zinang'aa, lakini zimezungushiwa utepe wa bluu, na hakuna ruhusa ya kuchota mpaka mgeni rasmi aje aukate. Mgeni rasmi hana nafasi. Tunamngoja tangu mvua zilizopita.

Huku tukingoja, sisi na watu wa ng'ambo ya korongo tunagombea dimbwi moja la matope. Tulianza kwa kusukumana, tukaja kwenye fimbo, na siku hizi watu huenda kuchota wakiwa na panga kiunoni. Mdogo wangu Nyemo ameolewa huko ng'ambo. Mara ya mwisho alipokuja kunisalimia, vijana wa kwetu walimzuia njiani, wakamwambia arudi alikotoka, yeye sasa ni mgeni. Mumewe Ndahani ameapa kwamba wakirudia, atavuka yeye mwenyewe, na hatavuka mikono mitupu.

Basi nimesimama chini ya turubai. Nasema kama kawaida yangu, "Itifaki imezingatiwa."

"Nani kasema?" sauti inauliza.

Mama mmoja mwembamba mwenye miwani ananyanyuka kutoka meza kuu. "Mimi ndiye Itifaki," anasema. "Kila hafla unatangaza nimezingatiwa. Leo hata maji ya kunywa sijapewa."

Napigwa na butwaa. Miaka yote nimelitaja jina lake bila kujua kwamba yupo. Namwomba radhi, namwambia maji yamefungwa na utepe. Anasema analijua hilo, aliyeufunga ni yeye.

Namkaribisha mgeni rasmi. Kwenye kile kiti kikubwa chenye kitambaa cheupe hakuna mtu. Kuna kifungo cha koti.

"Shikamoo," nasema, maana sijui kifungo kina umri gani.

"Marahaba," kinajibu. "Mheshimiwa amepata dharura. Alimtuma msaidizi wake, msaidizi akamtuma dereva, dereva akatuma koti, na koti nalo limepata dharura njiani. Niko hapa kwa niaba."

Kifungo kinahutubia. Kinasema maendeleo lazima yafuate utaratibu. Kinawapongeza wananchi kwa kudumisha amani. Wananchi wanapiga makofi, lakini hawapigi viganja. Wanagonganisha mapanga.

Nageuka, turubai hakuna. Tuko korongoni. Meza kuu imezama kwenye matope ya dimbwi na hakuna anayeona ajabu. Upande huu wamesimama watu wa kwetu. Upande ule wa ng'ambo, mbele yupo shemeji Ndahani na panga lake, nyuma yake Nyemo na ndoo yake ya bati iliyobonyea ubavuni. Kisima kimetufuata, kimekaa katikati na utepe wake.

Jiwe la msingi la kisima linapiga miayo. "Kila uchaguzi nawekwa upya," linaniambia. "Nimezoea. Ila damu ikimwagika hapa, watalifuta jina la mheshimiwa waniandike majina ya marehemu. Nafasi ninayo, usijali."

Jiwe halitanii.

"Mama," namwambia Itifaki, "niruhusu nikate mimi."

"Mshereheshaji hakati."

"Mwenyekiti wa kijiji, je?"

"Mwenyeji hakati. Anayekata ni mgeni."

"Basi kifungo kikate."

"Sina mikono," kinasema kifungo, na kwa mara ya kwanza kinaonekana kuona aibu.

Ndahani anaingia kwenye matope. Vijana wetu nao wanaingia. Nyemo anamvuta mumewe shati, na kijana mmoja wa kwetu anamfokea, "Wewe mgeni, kaa pembeni."

Itifaki anavua miwani. "Wamemwitaje?"

"Mgeni," najibu.

"Na rasmi, je?"

Nilishtuka kuliko nilivyowahi kushtuka maishani. Hilo la rasmi ni kazi yangu. Mtu huwa rasmi nikimtangaza, asipotangazwa ni mpita njia tu. Nikainua kipaza sauti. "Ndugu wananchi, tusimame tumpokee mgeni wetu rasmi, kutoka ng'ambo, mdogo wangu Nyemo."

Wakasimama. Walikuwa wamesimama tangu mwanzo, lakini sasa wakasimama vizuri, mapanga yakashuka, kofia zikavuliwa. Utaratibu wanaujua. Itifaki akatazama kushoto na kulia, akaketi zake kwenye matope.

"Kaka, mimi?" akauliza Nyemo.

"Wewe. Kata."

"Mkasi uko wapi?"

Mkasi haukuwepo, ulibaki kwenye mfuko wa koti. Nyemo akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na Ndahani akampa panga lake.

"Taratibu, mama," utepe ukasema. "Kiuno kimekufa ganzi."

Panga likashuka. Nikasikia koki zinakohoa, kisha maji, na nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Koo lilikuwa kavu na sauti imenikauka, kama ninavyokuwa siku inayofuata hafla kubwa. Nikajicheka kwa kuota upuuzi. Nikavaa ndala, nikafungua mlango, nusura nijikwae.

Kizingitini palikuwa na ndoo ya bati iliyobonyea ubavuni. Ilijaa maji, na chini ya maji niliuona msumari wa kitako chake, jinsi yalivyokuwa safi. Kwenye mpini palifungwa kipande cha utepe wa bluu. Ncha yake haikuwa imenyooka kama ya mkasi, ilikatwa kwa panga. Nikachuchumaa nikaishika ile ncha.

Mama Chilewa, jirani yangu, alikuwa anafagia uwanja wake. Akasimamisha ufagio. "Malogo, ndoo ya nani hiyo?"

"Ya mdogo wangu," nikamwambia kwa sauti ile iliyokauka. "Amepita asubuhi, na hakuna aliyemzuia."