Waliohesabiwa Wiki ya Giza

Mwezi ule Frida, mke wa mwanangu, alikuwa na mimba ya miezi saba, na mimi nilikuwa na hasira ya kuwatosha watu wawili.

Hasira yenyewe ilitoka kwenye karatasi. Chuo kikuu kimoja cha hapa nchini kilishirikiana na kingine cha ng'ambo, wakaahidi mkunga na boti ya wagonjwa kwa vijiji vinne vya ufukweni, vile vyenye wajawazito wengi walio mbali na hospitali. Sisi wa Kasebe hatuna barabara. Kufika Kigoma mjini ni mwendo wa saa nne kwa boti ya abiria, tena ziwa likiwa na adabu. Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa ndani ya boti hiyo, katikati ya magunia ya dagaa, na hakulia. Sasa orodha imetoka na Kasebe ni ya tisa. Niliisoma mara mbili, nikajifunga kitenge, nikaenda mjini.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, mwaka wa kumi na moja huu. Wajawazito wa Kasebe nawajua kwa majina, na walikuwa arobaini na mmoja. Karatasi ya chuo ilisema wako tisa.

Kosa lilipoingilia nilipajua, na sehemu yake ilikuwa yangu. Watafiti walikuja wiki ya giza, wakati mwezi hauonekani. Hiyo ndiyo wiki dagaa wanafuata taa. Wanaume wanavua usiku kucha, na kuanzia alfajiri wanawake wote, hata mwenye tumbo la miezi tisa, wako mchangani wanaanika. Watafiti walipita nyumba hadi nyumba saa tatu asubuhi, wakabisha hodi, wakaandika "hakuna mtu". Niliwaongoza mimi mwenyewe. Niliona, nikanyamaza, kwa kuwa walikuwa wasomi na niliogopa kuitwa mjuaji. Nikikumbuka najichukia.

Ofisi ya mradi ilikuwa mjini, mtaa wa Mwanga, juu ya duka la vitambaa. Nilimkuta Daktari Yusta, mhadhiri aliyesimamia utafiti, mwanamke wa umri wa binti yangu.

"Shikamoo, mama Melania. Karibu ukae."

"Marahaba. Sikai. Kasebe mmeihesabu vibaya."

Akanieleza kwa upole kwamba ratiba ilipitishwa na vyuo vyote viwili, na vijana wake walifika kila mlango.

"Mlango hauzai, mwanangu. Wanaozaa walikuwa mchangani wanageuza dagaa."

Nikamweleza habari ya giza na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, boti zinapumzika, watu wanashinda nyumbani wakisukana nywele na kugombana na waume zao. Nikamwambia, "Njooni mbalamwezi. Msipowakuta, mnifute kazi."

Nilitegemea acheke. Badala yake alichukua kalamu akauliza mbalamwezi inaanza lini, na nilipomtajia siku akaiandika kama nilivyosema. Miaka yote hiyo hakuna msomi aliyewahi kuandika jibu langu bila kulirekebisha. Hapo nikaanza kumpenda.

Alikuja mwenyewe, akafanya kazi siku mbili. Tukapata thelathini na tisa, maana wawili walikuwa msibani Kalinzi. Frida alijibu maswali akiwa mkekani, mkono juu ya tumbo. Alipoulizwa atajifungulia wapi, akasema, "Hapa hapa. Mama amesema mkunga anakuja."

Alasiri ya siku ya pili Yusta alifungua kompyuta yake kibarazani kwangu. "Hongera, mama. Kasebe imekuwa ya nne. Orodha inafungwa kesho kutwa. Mkunga atafika kabla Frida hajajifungua."

Nilipiga kigelegele, sina aibu. Nikaleta ugali na samaki wa migebuka, na tulipokuwa tunakula nikauliza ni kijiji gani tumekitoa.

"Nyamihanga. Wao wana thelathini na mmoja."

Nikarudisha tonge kwenye sahani. Nyamihanga iko kaskazini mwetu, mbali zaidi na mji kuliko sisi. Mhudumu wao ni Leonia, ambaye tulipitia naye mafunzo tukilala kitanda kimoja.

"Walihesabiwa lini?"

Yusta akatazama kompyuta. "Wiki ile ile mliyohesabiwa ninyi mara ya kwanza."

Ya giza. Kama walipatikana thelathini na mmoja milango ikiwa imefungwa, basi wakihesabiwa vizuri watatupita mbali. Yusta alilijua hilo. Alifunika kompyuta taratibu, akaniangalia. Ningeweza kumwongezea mboga tu, na habari ikaishia pale. Nilitamani sana kufanya hivyo.

"Mbalamwezi imebaki siku tatu," nikasema. "Kesho asubuhi tunaenda Nyamihanga."

"Mama, mtatoka kwenye orodha."

"Basi waandikie wakubwa wako waliosema vijiji vinne vinatosha. Sema vitano."

"Watakataa."

"Wakatae wakiwa na hesabu ya kweli mkononi. Na nitakuja huko Mwanga kila wiki, mpaka wachoke wao."

Frida alikuwa amesimama mlangoni, sikujua tangu lini. "Mama," akasema, "na mimi?"

Nikatoa simu nikapiga, nikasalimu kwa kilugha chetu.

"Leonia, mwiriwe. Kesho wanawake wako wasitoke nyumbani, hata mmoja. Tunakuja kuwahesabu."

Akauliza kwa furaha Frida anaendeleaje.