Rangi Nyekundu Kwenye Bolti

Jumamosi mchana, mezani kwetu, chakula kilikuwa kinapoa. Tulikuwa tunapanga safari ya kesho yake, kwenda kutazama mashindano ya magari, na mama yangu alikuwa ameshavaa kofia yake mpya tangu asubuhi ili aizoee. Kwa mara ya kwanza mtu wa damu yetu alikuwa anashindana: mdogo wangu wa mwisho, yule ambaye mtaa mzima unamwita Risasi. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni Mama alipokuwa kazini. Nikisema mtoto wangu wa kwanza ni yeye, sitanii.

"Tutakaa kwenye kona," nikasema. "Pale magari yanapopinda karibu na mawe. Mwaka jana wewe mwenyewe ulisema pale ndipo panapoonekana kila kitu."

Nilikuwa naongea na mume wangu, naye alikuwa anachezea kijiko. Yeye ni fundi magari. Gari la Risasi amelitengeneza yeye, kuanzia injini mpaka breki, miezi chungu nzima. Na siku zote yeye ndiye wa kutuvuta mbele. Kwenye mashindano lazima asimame mahali ambapo vumbi linamwingia mdomoni, ndiyo asikie ameenda.

"Kona si pazuri," akasema. "Tukae kule juu kilimani."

"Kilimani? Mama atapanda vipi na miguu ile?"

"Miguu ipi?" Mama akadakia. "Usinizeeshe."

"Basi tukae langoni, kwenye viti," mume wangu akasema.

Langoni! Langoni unaona magari yakiondoka tu, halafu unabaki kutazama visogo vya watu. Nikajua ni uvivu, nikaendelea na mipango yangu: mikate, mayai ya kuchemsha, chai yenye sukari na chai ya Mama isiyo na sukari, mkeka, mwavuli, na nguo za kumbadilisha binti yangu, maana yule hajui kunywa kitu bila kujimwagia.

"Mtoto abaki kwa jirani," mume wangu akasema.

"Kha! Mtoto aliyetamka 'gari' kabla ya kutamka 'baba'?"

"Abaki. Na Mama naye, jua litakuwa kali. Kwa kweli mngebaki tu wote. Nitaenda mimi, nitawasimulia."

Hapo mori ukanipanda. Mimi nina hasira za karibu, sikatai, wateja wangu wa saluni wanajua, na bado wanakuja. Nikamwambia kama kuna mwanamke amemwekea kiti huko kwenye mashindano amtaje sasa hivi, nijue nachemsha mayai ya watu wangapi. Mama akaangua kicheko. Binti yangu naye akacheka kwa kuwa bibi yake amecheka.

Mume wangu hakucheka. Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo, na dirisha liko wazi, upepo unaingia. Kijiko kilikuwa kinagonga sahani. Si kwamba alikuwa anakigonga. Kilikuwa kinagonga chenyewe. Huyu mtu nimemwona amelala chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki mbovu, anapiga mluzi. Hofu ikaniingia pale pale, kabla hata sijajua naogopa nini.

"Njoo uani," nikamwambia.

Uani nilikuwa nimeanika mashuka. Tukasimama katikati yake, tusionekane.

"Haya, sema."

"Niseme nini?"

"Baba Watoto, usinifanye mjinga. Kwanza si kona, halafu si kilima, halafu si mtoto, halafu tubaki nyumbani. Hutaki tukae mbele ya nini?"

Akameza mate. "Mbele ya gari la shemeji."

Ili uelewe alichoniambia, lazima ujue desturi ya gereji yake. Bolti ikishakazwa mara ya mwisho, anaitia tone la rangi nyekundu ya kucha. Rangi yangu, ambayo tumeigombania tangu tuoane. Kaza, kisha paka. Ndivyo baba yake alivyomfundisha. Pale gereji ukiona nyekundu ujue mkono wa fundi mkuu umepita, usiguse, usijisumbue kuangalia tena. Na kweli hakuna anayeangalia tena. Hata wakaguzi wa mashindano wamemzoea: wanamulika tochi nyuma ya gurudumu, wakiona nyekundu wanasogea.

"Ile chupa uliyonipa haikuwa na kifuniko," akasema. "Rangi ilikuwa inaganda. Nikaona isije ikaniharibikia, nikapaka kwanza. Bolti zote za breki za mbele, pande zote mbili. Nikasema nikimaliza kupaka, nakaza."

"Ukakaza?"

"Upande wa kulia nilikaza, nakumbuka, nilijigonga." Akanionyesha kidole, kucha imekuwa nyeusi. "Upande wa kushoto... Shemeji akaja na gari la kuvuta, anapiga kelele tunachelewa ukaguzi, kila mtu anashika hiki, anashika kile. Nilipogeuka gurudumu lilikuwa limesharudishwa."

"Ulikaza au hukukaza?"

"Sijui."

"Hujui vipi wewe?"

"Sijui, mke wangu! Kazi ile nimeifanya mpaka nikifumba macho nauona mkono wangu unakaza. Lakini ni mkono wa siku gani huo ninaouona?"

Nikashika shuka, likaniangukia. Nilimwona Risasi anaijia ile kona, mawe yale mbele yake, anakanyaga breki, na breki haipo. Niliogopa. Sikuogopa hivyo hata siku ya kujifungua.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Gari limeshafungwa utepe, liko kule uwanjani. Utepe ukikatwa kabla ya mashindano, umejitoa. Kijana amesubiri siku hii maisha yake yote. Nimwambie akate, halafu ikutwe imekaza? Na ikikutwa haijakaza, nani ataniletea gari lake tena?"

"Kwa hiyo ulipanga tu sisi tusione."

Alijifuta uso kwa shuka langu safi na mimi sikumgombeza.

Nikampigia Risasi simu. Akacheka mpaka akakohoa. "Dada, shemeji ana wasiwasi wa siku ya harusi. Alama nimeziona kwa macho yangu, nyekundu, zinang'aa."

"Alama si kitu! Zilipakwa kwanza!"

"Haya, dada. Kesho usisahau mayai." Akakata. Nilipopiga tena hakupokea.

Nikamwachia Mama mtoto, nikamwambia tunakwenda kuangalia mahali pa kukaa. Njia nzima mume wangu alitembea nyuma yangu. Nilisikia viatu vyake vikipunguza mwendo kila tukikaribia, na kila vikipungua niligeuka nikamtazama, vikaongeza. Nilikuwa najiambia labda amekaza, bila shaka amekaza, mtu wa makini kama yule. Halafu naona mawe.

Uwanja ulizungushiwa wavu, na magari yamepangwa ndani, kila moja limefungwa utepe mweupe kiunoni. Risasi alikuwa nje ya wavu na ovaroli yake mpya, anapigwa picha na watu. Akatuona, tabasamu likamkauka.

"Dada, tafadhali. Usinitie aibu hapa."

Nikampita. Mkaguzi mkuu alikuwa mama mmoja mnene aliyeketi kwenye kiti cha plastiki, anakunywa soda. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza mimi ni nani.

"Dada wa dereva."

"Pole, mama. Kwa kanuni zetu dada wa dereva hana neno. Anayeweza kuomba utepe ukatwe ni dereva mwenyewe au fundi wake."

"Dereva haombi kitu," Risasi akasema.

Wote tukamgeukia mume wangu. Alimtazama Risasi, akatazama gari alilolijenga kwa mikono yake, akatazama chini. Watu waliokuwa wanapiga picha walishaanza kusogea. Nikaona kabisa kwamba hatasema. Ataondoka pale na ulimi wake mdomoni, na kesho saa ikifika atakaa langoni kwenye viti ameziba masikio.

Nikamsogelea mpaka sikioni. "Ukinyamaza, kesho nasimama kwenye kona. Na mtoto nambeba."

Aliniangalia kuona kama natania. Ananijua. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa nilichokisema, kwa sababu nilijua nitakifanya.

"Kateni," akasema. Kisha kwa nguvu: "Kateni utepe. Gurudumu la mbele, upande wa kushoto. Kazi yangu mwenyewe siiamini."

Risasi alipiga ukelele ambao sijausikia tangu akiwa mtoto. Watu wawili walimshika. Mkaguzi aliinuka taratibu, akavuta mkasi mfukoni, akamuuliza fundi mara ya pili kama ana hakika. Fundi akasema ana hakika. Utepe ukaanguka chini.

Wakapandisha jeki. Gurudumu likatoka. Bolti zilikuwa mbili tu, zina doa jekundu kila moja, safi kabisa. Mkaguzi akachukua spana mwenyewe, akachuchumaa. Wakati huo nilijikuta naomba ziwe zimelegea. Niliomba kwa moyo wote, Mungu wangu ziwe zimelegea, tusiwe tumemharibia bure. Nilipojisikia naomba hivyo nilijishangaa, nikataka kuomba lingine, nikakosa la kuomba.

Alivuta ya juu. Haikusogea. Akavuta ya chini, akaegemea na mwili wake wote, mshipa wa shingo ukamtoka.

"Zimekaza," akasema. "Zimekaza vizuri sana."

Mume wangu akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, akaficha uso magotini. Mkaguzi akaandika namba ya gari, akasema samahani, kanuni ni kanuni. Vijana wake wakaanza kulisukuma gari kuelekea nje.

Risasi akaachiliwa. Alinijia mpaka usoni, midomo inamcheza. "Umeniua, dada. Unasikia? Umeniua."

Nikataka kumshika mkono, akauchomoa. Akaanza kunitukana. Alinitukana mimi na saluni yangu na umbea wa saluni yangu, akamtukana shemeji yake na gereji na mikono yake ya uoga, akasema hatakanyaga kwetu tena, akasema hana dada. Alitutukana mpaka langoni, na tulipotoka barabarani akaendelea, watu wanageuka, sauti imeanza kumkatika. Mume wangu alikuwa ameshalipokea gari kwa wale vijana, analisukuma ameinamisha kichwa. Mimi sikumjibu Risasi hata neno, mimi na mdomo wangu huu. Nilitembea karibu naye kadiri alivyoniruhusu, nikisikiliza anavyovuta pumzi kati ya tusi na tusi.