Vyumba Alivyoruka Mzee Thuo

Akili si nywele. Nywele zikinyolewa huota tena. Akili ikishatoka, nani atairudisha? Hilo ndilo lililomnyima Nasambu usingizi tangu baba mkwe wake, Mzee Thuo, aletwe kwao Bungoma baada ya kiharusi. Mzee alitaka kurudi Kitale kwenye mashine yake ya kusaga mahindi. Ngige, mumewe Nasambu, alikuwa na neno moja tu: kichwa cha baba kikionekana hakijapona, mashine inauzwa.

Ndipo Nasambu akamletea mzee sudoku ya gazetini, lile fumbo la nambari, ampime kichwa.

"Tazama, Baba. Kila mstari wa kulala uwe na moja hadi tisa, asirudiwe mtu. Kila mstari wa kusimama, vivyo hivyo. Na haya maboma madogo yenye kuta nene, kila boma lina wapangaji wake, moja hadi tisa. Zilizochapwa huzigusi. Na hakuna kubahatisha. Chumba unakijaza ukiwa na hakika."

"Na kujumlisha?"

"Hakuna kujumlisha. Ni kutafuta nani hayuko nyumbani."

"Hiyo naiweza. Si nimepanga foleni ya akina mama na madebe yao miaka yote, bana!"

Jioni Ngige akarudi kutoka kazini, akaliokota gazeti. Uso ukamshuka. Vyumba vingine vilikuwa vitupu, vimetapakaa huku na huku kama mapengo mdomoni.

"Umeona? Anaanza, anasahau. Kesho nampigia simu mnunuzi."

Nasambu akamnyang'anya gazeti. Mstari wa kwanza: kila nambari mahali pake, ila pengo moja. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa umejaa, lakini saba yake ilichapwa na wenye gazeti. Kidole chake kikasimama. Kila palipokuwa na pengo, iliyokosekana ni saba!

"Baba, mbona saba hukuziandika?"

Mzee akakohoa. "Saba ni ya mkosi. Mama yangu akihesabu mbuzi aliiruka. Tisa ni ya baraka, hiyo nitakuandikia hata ukutani."

"Baba! Na wewe ni mzee wa kanisa!" Ngige akamaka.

"Kanisa halijaniambia niiandike kwa mkono wangu."

Nasambu hakumcheka. Bibi yake kule Sirisia hakukubali watoto wahesabiwe kwa sauti. Alichukua kalamu, akazijaza saba mwenyewe. Zikaingia zote, hakuna iliyogongana na mwenzake. Hapo akajibwaga kitini, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Kumbe uko mzima, Baba!"

"Nani alisema siko?" Mzee akamgeukia mwanawe. "Kesho ni Kitale."

"Haya, ni Kitale." Ngige alishusha pumzi, akajipangusa uso. "Lakini si ungetuambia? Umetutia hofu bure. Sema pole basi, hata kidogo."

"Pole ya nini? Siombi radhi. Na hiyo nambari yenu siandiki."